Somo: Kununua nyumba ya kupangisha kabla mtoto hajaja, hapa Kigoma

Wengi mmeulizia apatimenti. Sheria ya kuruhusu kila fleti kwenye ghorofa iwe na hati yake ipo tangu 2008, ila madalali wa hapa kwetu watakupeleka kuona kitu kingine: nyumba ya chini yenye sehemu tatu au nne za chumba na sebule kwenye kiwanja kimoja. Somo hili ni la nyumba hizo, kwa wanandoa wanaotarajia mtoto ndani ya mwaka mmoja au miwili.

Hatua ya 1: Hesabu kwanza, dalali baadaye

Tuchukue mfano. Nyumba ya milioni 40, sehemu nne, kila moja 80,000 kwa mwezi. Dalali atakwambia hiyo ni 3,840,000 kwa mwaka, nyumba inajilipa yenyewe. Ngoja kwanza. Wapangaji huhama, kwa hiyo hesabu miezi kumi: 3,200,000. Toa asilimia 10 ya TRA kwenye pango, 320,000. Toa 400,000 za bati linalovuja, choo kilichojaa na kitasa kilichoondoka na mpangaji. Mkononi inabaki 2,480,000, kama 206,000 kwa mwezi.

Sasa weka mkopo. Milioni 20 kwa riba ya asilimia 16, miaka mitano, rejesho ni karibu 486,000 kila mwezi. Wapangaji wanatoa 206,000. Hizo 280,000 nyingine zinatoka kwenye mshahara, na mshahara huohuo ndio mtoto anaoujia. Mama aliyeajiriwa ana likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, au 100 akijifungua mapacha. Lakini posho za safari, tuisheni ya jioni na kibanda ulichokuwa unafungua mwenyewe baada ya kazi, vyote vinasimama. Mwenye genge au saluni hana hata hizo siku 84.

Kipimo changu ni hiki: ishini miezi sita kwa kipato cha baba peke yake, na kiasi cha rejesho mkiweke pembeni humohumo kila mwezi. Mkishindwa mkiwa wawili, mkiwa watatu msijaribu.

Hatua ya 2: Pesa ya kujifungua haiguswi

Hata kama mmepanga kwenda hospitali ya serikali ya Maweni. Haiongezewi kwenye bei ya nyumba, hata muuzaji akisema kuna mteja mwingine anakuja jioni. Huyo mteja wa jioni yupo kwenye kila nyumba.

Hatua ya 3: Nunueni iliyokwisha, yenye watu ndani

Msinunue pagale. Najua bei yake ni ndogo, na najua fundi amesema ni miezi mitatu tu. Mama mjamzito hawezi kusimamia mchanga na saruji juani, na pesa ya kupigia plasta itakuja kununua maziwa. Kiwanja kinachouzwa kwa maneno "SGR inapita hapa karibu" nacho kiacheni. Reli ya Tabora hadi Kigoma ikikamilika ni vizuri, lakini mtoto hangoji reli.

Hatua ya 4: Kagua kwa macho yako

Nendeni baada ya mvua kubwa, si kiangazi. Ukiwa Kibirizi au popote karibu na maji, chuchumaa uangalie ukuta wa nje kuanzia chini. Ziwa Tanganyika lilipanda 2020 na 2021, likapanda tena 2024, na nyumba za ufukweni zikaingia maji. Rangi mpya inayoishia usawa wa goti huku juu ni ya zamani inakwambia kitu. Kwaruza kwa ufunguo: plasta ikimeguka kama unga, ondoka. Isitoshe, Sheria ya Mazingira ya 2004 hairuhusu shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, hata jengo likiwa zuri namna gani.

Kisha angalia mita. Nyumba ya sehemu nne yenye LUKU moja ni kesi kila wiki, maana hata kodi ya jengo hukatwa humohumo tangu 2021. Bili ya maji ya KUWASA nayo iombe uione, usiambiwe tu.

Hatua ya 5: Karatasi

Chukua nakala ya hati, nenda ofisi ya ardhi ufanye upekuzi rasmi. Utaona jina la mmiliki na kama kuna benki imeishikilia. Muuzaji akiwa na mwenza, mwenza aridhie kwa maandishi. Mwenyekiti wa mtaa anafaa kukueleza migogoro ya mipaka, lakini muhuri wake si hati. Mkataba uandikwe mbele ya wakili, pesa ipite benki. Kodi ya faida ya mauzo ni ya muuzaji. Andikeni hivyo waziwazi.

Na jambo ambalo wanunuzi wengi hulisahau: waulize wapangaji wamelipa hadi lini. Kama wote wamempa mwenye nyumba kodi ya miezi sita, wewe unanunua miezi sita ya bure kwa wengine. Kiasi hicho kipunguzwe kwenye bei.

Maswali ya wanachama (jina la mbele ni mahali anakoishi muulizaji)

*Mwanga: Dada, mke wangu ana miezi mitano. Tumechelewa?*
Kwa pesa taslimu hamjachelewa, kaka. Kwa mkopo, ngojeni ajifungue na arudi kazini, ndipo mjue mnabaki na shilingi ngapi.

*Gungu: Tunaweza kuandika jina la mtoto kwenye hati?*
Hajazaliwa, na hata akizaliwa hawezi kusaini chochote hadi afikishe miaka 18. Andikeni majina yenu nyote wawili, umiliki wa pamoja. Mmoja akitangulia, nyumba inabaki kwa mwenzake bila kugombaniwa.

*Ujiji: Wanaouza ni ndugu wa marehemu, wote wamekubali kwa mdomo.*
Usitoe hata mia. Awepo msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na warithi waridhie kwa maandishi. Yule mmoja aliyeko Dar ndiye atakayekuja kukusumbua.

*Katubuka: Si bora tuweke kwenye mifuko ya uwekezaji ya UTT tu?*
Kwa pesa ya uzazi na ya mwaka wa kwanza, ndiyo, kwenye Mfuko wao wa Ukwasi pesa unaitoa ndani ya siku chache. Na ukirudi kwenye hesabu ya juu, 2,480,000 kwa milioni 40 ni asilimia 6.2 tu. Mwenye nyumba anategemea pia thamani kupanda, na hiyo haina tarehe.

*Kwa nini tusikae sehemu moja, tatu tupangishe?*
Hilo ndilo ninalolipenda zaidi, maana pango lenu wenyewe linakufa. Ila chukueni sehemu ya mwisho, yenye mlango wake wa uani, na kila sehemu iwe na mita yake. La sivyo mtagongewa saa sita usiku kuulizwa umeme, na mtoto ndiyo kwanza amelala.