Kuzoeana na wazee wa msitu wa Amani

Kijana wa Tanga mjini unayetaka kutembea Usambara Mashariki na wazee wa Kisambaa, beba sukari. Majani ya chai acha; huko Amani mashamba yake yamewazunguka. Ukifika, shikamoo kwanza, kisha keti. Wataulizia wazazi, mvua, safari, na huko kwenu mtaani Ngamiani hawajambo? Jibu yote, na simu ikae mfukoni.

Usiulizie dawa za miti siku ya kwanza. Wageni wengi huharibu hapo: wanataka jina la mti na kazi yake, kama wako dukani. Omba kazi: kubeba kuni, kupalilia iliki. Babu ninayemfuata mimi alianza kunionyesha miti tukiwa tunapalilia tu, wala sikumuuliza.

Msituni mzee atangulie. Akisimama, simama. Usichume kitu, tangu 1997 pale ni hifadhi ya mazingira asilia, na hata kile kiua cha zambarau ambacho Wazungu hukiotesha madirishani, kiache mwambani. Kibali kilipie ofisini. Mzee naye mpe ujira wake, maana siku hiyo kaacha shamba. Masika usiende, utelezi mtupu.