Ndimu, ukwaju na magadi: dawa za kusafishia nyumba ninazotengeneza mwenyewe hapa Lamu

Chupa ya dawa ya kusafishia ikifika dukani Lamu imeshasafiri kuliko mimi. Imepanda lori hadi Mokowe, ikavuka kwa boti, ikapakiwa juu ya punda, na kila aliyeishika kaongeza chake. Nami nasafisha nyumba mbili, yangu na ya wageni huko Langoni, kwa hivyo nilichoka mapema. Siku hizi vitu vyangu vingi vinatoka sokoni, upande wa viungo.

Kabla hujachanganya chochote, uangalie kwanza uchafu wako. Huku kwetu kuna wa maji na kuna wa mafuta. Maji ya kisima yakikauka huacha ukoko mweupe kwenye bomba, vigae na birika. Huo huondolewa na kitu kichachu: ndimu, siki au ukwaju. Mafuta ya jikoni huondolewa na magadi au sabuni. Usivitie chungu kimoja. Siki na magadi vikikutana hutoa povu la kupendeza, kisha vinauana, ukabaki na maji ya chumvichumvi. Wale wanaolionyesha povu hilo kwenye video sijui huwa wanasafisha nini.

Birika lenye ukoko

1. Tia maji nusu ya birika. Kata ndimu tatu, kamua, na maganda yake yatumbukize humo humo.
2. Chemsha, zima, uache saa nzima. Utasikia mchirizo mdogo ndani. Ndiyo chokaa inaliwa.
3. Mwaga. Ukoko utatoka vipande vipande kama magamba ya changu. Uliobaki sugua kwa kumbi la nazi.
4. Chemsha maji matupu mara moja, uyamwage, ndipo upike chai. Mimi niliwahi kuiruka hatua hii, wageni wakanywa chai ya maziwa iliyokatika.

Bomba la kuogea lililoziba, lifunge kitambaa kilicholowa siki usiku kucha. Zamani tulitumia mfuko wa plastiki, lakini hiyo tumenyimwa tangu 2017, na kitambaa kinafanya kazi ile ile.

Shaba: midila (mabirika ya kahawa), sinia na vitasa vya mlango

Hapa ukwaju hauna mpinzani. Upepo wa bahari huifanya shaba iwe nyeusi, na penye chumvi ikashika kutu ya kijani.

1. Roweka ukwaju wa kujaa kiganja katika nusu kikombe cha maji ya moto, dakika 15, kisha uukamue uwe mzito.
2. Tia chumvi kidogo, upake, usugue kwa kitambaa laini. Penye nakshi tumia mswaki wa zamani.
3. Dakika 5 zinatosha, 10 ni nyingi. Suuza, na uikaushe hapo hapo.
4. Pitisha tone la mafuta ya nazi kwa kitambaa kikavu, ili upepo usiirudie upesi.

Usiilaze shaba kwenye ukwaju. Mimi nililaza mdila wa mavyaa wangu, asubuhi nikaukuta umegeuka rangi ya waridi: shaba hii ya njano huchanganywa na zinki, na asidi ilikuwa imekula zinki ya juu, ikabaki shaba nyekundu. Nilisugua siku mbili. Mpaka leo nikiutoa kabatini ananiangalia mikono.

Mafuta ya jikoni

Vijiko viwili vya mezani vya magadi kwa lita moja ya maji ya moto. Vaa glavu, maana magadi hukausha ngozi. Pangusa vigae vya nyuma ya jiko, ngoja dakika 10, pangusa tena kwa maji safi. Mafuta ya kukaangia samaki ya wiki nzima yanalainika kama samli.

Ila sufuria za alumini usizitie magadi, zitakuwa nyeusi. Na zikishakuwa nyeusi, dawa ni ule ule ukwaju: maji yake ukayachemsha ndani ya sufuria dakika chache, weupe unarudi.

Sabuni ya maji ya sakafu

Maji ya kisima huiharibu sabuni ya mche. Badala ya povu unapata utando unaoganda kwenye ndoo. Ndiyo maana hii naipika kwa maji ya mvua niliyokinga masika. Kuna gramu 200 za sabuni iliyokwaruzwa kwa lita mbili za maji yanayochemka. Epua, koroga mpaka iyeyuke, ulaze. Asubuhi ikiwa nzito kama ugali ongeza maji moto, ikiwa nyepesi iache hivyo hivyo, itafanya kazi. Kikombe kimoja kwa ndoo.

Pasipotakiwa kitu kichachu

Kuta zetu za zamani zimepakwa chokaa, na zidaka zake pia, vile vishubaka vya ukutani. Chokaa ni kile kile ulichokiyeyusha kwenye birika. Siku ya kwanza nilipouendea ukuta na siki, mavyaa alinishika mkono: "Hini ni chokaa, si sahani!" Ukuta huo unataka brashi kavu, na doa likizidi, kitambaa chenye unyevu tu.

Na hivi vyote haviui vijidudu kama inavyostahili. Mtu akiharisha nyumbani, choo kinataka dawa ya klorini, iliyochanganywa na maji peke yake kama chupa inavyosema. Isikutane kamwe na siki wala ndimu, wala na dawa nyingine ya choo. Hutoa gesi ya klorini. Nilifanya hivyo mara moja kwenye choo kisicho na dirisha. Macho yalichuruzika, kifua kikabana, nikatoka mbio mpaka kiwandani, yaani uani, kutafuta hewa, na mlango nikauacha wazi hadi alasiri.

Chupa za soda ukizitumia kuwekea sabuni, bandua karatasi yake yote na uandike kwa kalamu nene. Ya magadi mimi siiweki. Natengeneza ya siku hiyo, inayobaki naimwaga kwenye mfereji wa jikoni, na mfereji nao ukafaidi.