Paipu ya 6G kwa Rodi: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuwasha Mashine

6G ni mkao wa kuchomelea (welding) paipu iliyofungwa kwa mwinamo wa digrii 45 na isiyoruhusiwa kuzungushwa. Wewe ndiye unayeizunguka. Kwa mazoezi tafuta paipu nyeusi ya inchi 6, skejuli 80 (skejuli ni daraja la unene wa ukuta wa paipu), yenye unene wa karibu milimita 11. Skejuli 40 ya milimita 7 ni nafuu na yafaa kuanzia. Chuma chakavu cha Gikomba na Kariobangi, Nairobi, huuzwa kwa kilo, kwa hiyo nunua vipande vifupi. Sentimita 12 kila kimoja zatosha. Paipu ya maji iliyopakwa zinki iache hukohuko. Moshi wake huleta homa na kutetemeka usiku, na yale maziwa ambayo mafundi huambiana wanywe hayazuii chochote.

Muda mwingi uende kwenye kingo. Chonga kila upande kwa grainda, digrii 30 hadi 37, kisha acha pua butu, yaani ukingo bapa usiochongwa, ya milimita 2 hivi. Pua ikiwa kali kama wembe itayeyuka na kudondokea ndani. Ikiwa nene, moto hautapenya. Ng'arisha chuma ndani na nje, sentimita 2 na nusu kutoka ukingoni. Kwa pengo, chukua rodi ya milimita 3.2, igonge mpaka dawa yote inayoufunika waya itoke, kunja waya uliobaki kama herufi V, uuweke katikati ya vipande viwili. Piga taki nne, yaani mishono mifupi ya kushikilia vipande, kila moja milimita 20, na upime pengo upya baada ya kila moja, maana chuma kikipoa huvuta na pengo hujifunga. Halafu nyoa ncha zote mbili za kila taki ziwe kama kabari. Taki yenye kichwa wima ndipo mshono unapokosa kushika.

Rodi ya 6013, ile ya mageti, haifai kwa mshono wa kwanza: slagi yake, yaani taka ya dawa iliyoyeyuka, hukimbilia mbele na kunasa kwenye pengo. Tumia rodi ya 6010 ya milimita 3.2 kwa ampea 75 hadi 90, kebo ya rodi ikiwa kwenye chanya. Mashine nyingi ndogo za inverta huzima 6010 kila unapoinua mkono kidogo, basi ijaribu kwanza kwenye bati nene. Mashine yako ikiwa ya AC, chukua 6011. Mishono inayofuata, ya kujaza na kufunika, ni kazi ya 7018, na hiyo haitaki unyevu. Pakiti ikishafunguliwa ikae kwenye oveni ya nyuzi 120 hadi 150. Usiiweke 6010 humo. Dawa yake inahitaji unyevu kiasi, na ikikauka kabisa moto wake hulegea. Ukivuta stima kwa ekstensheni ndefu na nyembamba, ampea unazozisoma kwenye mashine si lazima ziifikie rodi.

Sasa mwili. Mafundi huigawa paipu kama uso wa saa: "sita" ni chini kabisa, pale sisi tunaposoma saa kumi na mbili. Funga paipu usawa wa kifua, kisha teremsha ngao na upitishe rodi baridi kutoka chini hadi juu, kulia na kushoto. Kiwiko kikigonga stendi, rekebisha sasa. Kebo ipite begani isikuvute mkono. Kwa sababu ya mwinamo, chuma kioevu huteremkia ukingo wa chini na kuacha mfereji ule wa juu, kwa hiyo zoea mapema kuielekeza rodi juu kidogo.

Kioo cheusi cha ngao kiwe namba 10 au 11. Miwani ya jua haihesabiki. Suruali ishuke nje ya buti, isikunjwe pindo, kwa kuwa ukiwa chini ya paipu cheche hutafuta mahali pa kuingia.