Kuchagua chumba katika hoteli ya kale Mji Mkongwe: ushauri wa mtandika vitanda

Kabla hujalipa, omba uoneshwe chumba. Usione haya. Nimetandika vitanda miaka mingi katika majumba haya ya mitaa ya Shangani na Hurumzi, hapa Unguja, na nakwambia vyumba viwili vya bei moja, ghorofa moja, vinaweza kuwa mbingu na ardhi. Picha unazoziona kwenye simu hupigwa chumba kilekile kimoja, kile kizuri.

Sababu ni kwamba majumba haya hayakujengwa yawe hoteli. Hoteli ya Emerson on Hurumzi, ile yenye mkahawa juu ya paa, ilikuwa nyumba ya Tharia Topan, tajiri wa Kihindi aliyesimamia forodha enzi za Sultani Barghash. Hoteli ya Serena, iliyofunguliwa 1997, ilikuwa jengo la simu za nje, na wazee bado wanaliita Extelecoms. Hoteli ya Park Hyatt nayo imo ndani ya Mambo Msiige, jumba la katikati ya karne ya 19. Kwa hiyo jina la daraja la chumba lisikubabaishe. Kagua nyumba yenyewe.

Ukiingia, tazama juu kwanza. Dari ya asili hushikwa na boriti za mikoko, na boriti hazina urefu wa kutosha kuvuka ukumbi mpana. Ndiyo maana chumba cha kale huwa chembamba, mita tatu hivi, kisha kikaenda kirefu. Mgeni akilalamika kwamba chumba chembamba, mimi hucheka kimoyomoyo: hicho ndicho alichokuja kukilipia.

Sasa inama uguse ukuta, usawa wa goti, hasa nyuma ya kitanda. Ni mawe ya matumbawe na chokaa, na mawe hayo hunyonya maji kutoka chini. Kiganja kikitoka na unga mweupe, si neno, ukuta unapumua. Cha kuogopa ni rangi iliyovimba malengelenge. Hapo wamepiga lipu ya saruji au wamepaka rangi ya mafuta, unyevu umefungiwa ndani, na usiku harufu utaisikia. Na uwe macho na udi. Kwetu udi hufukizwa jioni, nyumba ikishatulia. Chumba kinachofuka moshi saa sita mchana kina cha kuficha, nami nimeshatumwa na chetezo mkononi kukificha.

Chumba cha baharini wote wanakitaka. Sawa, lakini ufuo wa Shangani unatazama magharibi. Kuanzia saa tisa alasiri jua linaingia moja kwa moja, na miezi ya kaskazi, Desemba hadi Machi, feni haifui dafu. Kama wewe ni mtu wa kulala mchana, chukua chumba cha upande wa ua, chenye madirisha ya mbao yanayofunguka yote. Machweo utayaona paani bure.

Ngazi ni ndefu na zimesimama wima, na lifti ni za kubahatisha. Ukija na mama anayeumwa magoti, mwombee ghorofa ya kwanza, ila dirisha lisitazame uchochoro wa vespa. Adhana ya alfajiri utaisikia popote utakapolala, basi usiwasumbue watu wa mapokezi kwa hilo.

Kitanda kitakuwa samadari, cha miguu mirefu na vioo vilivyochorwa maua. Hakikisha kipo kigoda cha kupandia, maana kushuka gizani ni balaa. Kishushe chandarua mwenyewe, ukizunguke, uone kama kinafika chini ya godoro pande zote nne. Vingi vimekatwa kwa kitanda kidogo zaidi, na mbu wa Mji Mkongwe wanaujua upande uliopungua.

Bei: uliza bei ya mkaazi, yaani ya wanaoishi nchini. Hoteli nyingi wanayo, ila hawakutajii mpaka uulize, nawe uwe na kitambulisho. Gari haliingii vichochoroni, kwa hiyo patana na hamali wa mkokoteni kabla hajagusa begi. Na kama bei ya kulala haishikiki, weka nafasi ya chakula cha jioni paani, tena mapema, maana meza ni chache na wageni hawaishi.

Kuhusu bakshishi. Noti ukiiacha mezani bila neno, hatuigusi. Tukiigusa tunaweza kuitwa wezi. Iweke juu ya mto siku unayoondoka, na kikaratasi umeandika "ya mtandika chumba". Penseli huwa ipo karibu na simu.