Kabla ya kutangaza zawadi ya kwanza: maandalizi ya mwaka mzima kwa mwenye duka wa Lubumbashi

Mwaka wangu wa kwanza wa kugawa zawadi kwa bahati, ili kukusanya anwani za barua pepe za wateja, nilitangaza kitenge cha yadi 6 ambacho kilikuwa bado upande wa pili wa mpaka, Kasumbalesa. Mzigo ukakawia. Siku ya kumtaja mshindi ikafika, na mama aliyeshinda akaja dukani mara tatu, mara zote akirudi mikono mitupu. Mwishowe nilimpa kitenge kingine, si kile alichokiona kwenye picha. Alikipokea, akashukuru kwa heshima, na sijamwona tena. Tangu hapo sitangazi zawadi ambayo haiko kabatini, imefungwa na kuandikwa jina. Ukishika hilo moja tu, nusu ya kazi umeshaimaliza, maana anayekuachia anwani yake ya barua pepe anakupa imani kabla hujampa kitu chochote.

Lakini kabla ya zawadi, jiulize kama orodha ya barua pepe inakufaa kweli. Hapa mjini biashara ya kila siku inakwenda kwa simu na kwa WhatsApp, nami siachi kuitumia. Shida ni kwamba simu ikiibiwa au akaunti ikifungwa, majina ya miaka yote yanaweza kwenda nayo. Orodha ya anwani ni faili lako: unaweka nakala nyumbani na nyingine kwa mtu unayemwamini. Halafu kuna watu ambao barua pepe ndiyo mlango wao, kama wafanyakazi wa kampuni za migodi na wakandarasi wao, walimu, watu wa Chuo Kikuu, wa mashirika, na watoto wa Katanga walioko Ubelgiji, Afrika Kusini au Zambia wanaotaka kumshonea mama yao nguo wakiwa mbali. Kama wateja wako wote ni watu wa kupita kwa miguu soko la Kenya au Katuba, mitaa ya hapa mjini, weka pesa yako kwenye daftari la namba za simu. Nasema hivi ingawa mimi mwenyewe naipenda orodha yangu.

Jambo ambalo wengi hawalitazami ni kwamba watu wengi wana anwani wasiyoijua. Simu ya Android inaomba akaunti siku ya kwanza, muuzaji anaifungua yeye, anaweka neno la siri analolijua yeye, na mwenye simu anaondoka bila kujua hata jina lililoandikwa. Ukimpa fomu ataandika chochote kinachofanana na anwani. Kwa hiyo dukani kwetu hatuandiki kwenye karatasi tukaishia hapo. Msichana wangu wa kaunta anamwambia mteja, “Mama, tufungue pamoja tuone kama barua imeingia.” Barua ya uthibitisho inatumwa palepale, na mteja asipobonyeza kiungo kilichomo hahesabiwi kuwa ameingia. Asiyeweza kuifungua tunamwandika kwenye daftari la simu, na nafasi yake ya kushinda inabaki ileile. Si kosa lake.

Sasa zawadi yenyewe. Hapa ndipo pesa nyingi hupotelea. Mtu akianza anafikiria simu ya bei, televisheni au dola taslimu, na watu wanakuja kweli, hata kwa mamia. Lakini anayetaka simu si lazima awe anataka nguo ya kushonesha. Siku simu ikishatoka, orodha inabaki na majina ya watu wasiokuhitaji, na wengine wao wataibonyezea barua yako ya pili alama ya taka. Zawadi nzuri ni ile ambayo asiye mteja wako hana haja nayo. Mimi siku hizi sitoi kitenge peke yake, kwa sababu kitenge kinauzika tena kesho yake. Natoa kitenge pamoja na kazi ya fundi, vipimo vichukuliwe dukani. Mwenye kuuza vitabu vya shule atoe vitabu vya darasa moja kamili. Mwenye mkate atoe keki ya sikukuu yenye jina la mtoto. Na ipo zawadi isiyogharimu chochote ambayo wateja wangu wameipenda kuliko nilivyotazamia: nafasi ya kuchagua kabla ya wengine, siku moja kabla mzigo mpya haujawekwa nje. Mwenye duka mdogo asiidharau hiyo.

“Mwaka mzima” hakumaanishi kila mwezi. Nilijaribu kila mwezi, na kufikia mwezi wa tano wateja walikuwa wamezoea kungoja zawadi badala ya kununua. Sasa nina nyakati tano, nazo nimezifunga na maisha ya mji. Ya kwanza inafunguliwa katikati ya Februari, kwa sababu kabla ya 8 Machi, siku ya wanawake, kila mama anatafuta kitenge cha siku hiyo, na fundi anahitaji muda wa kushona; ukifungua tarehe 1 Machi umechelewa. Ya pili ni ya walimu, kuelekea 30 Aprili. Ya tatu haina tarehe: ni ya matokeo ya mtihani wa taifa, siku ile watoto waliofaulu wanamwagiwa poda barabarani. Kwa kuwa siku ya matokeo hatuipangi sisi, kila kitu kinakuwa tayari tangu mwanzo wa Julai, barua imeshaandikwa, na tunaituma siku yanapotoka. Ya nne ni ya wazazi, 1 Agosti. Ya tano ni Noeli na Bonane, yaani Mwaka Mpya.

Zipo pia siku za kunyamaza, na uziandike kwenye kalenda kwa kalamu nyekundu. Januari ina 4, siku ya mashahidi wa uhuru, kisha 16 na 17, tunapowakumbuka Laurent-Désiré Kabila na Patrice Lumumba. Tarehe 2 Agosti ni kumbukumbu ya Genocost, ya Wakongo waliouawa katika vita vya kutafuta faida. Kwa ajili hiyo mshindi wangu wa siku ya wazazi anatajwa 31 Julai, ili shangwe isije ikaangukia siku ya maombolezo. Na Septemba naiacha kabisa. Masomo yanafunguliwa, makuta, yaani pesa, yote ya nyumba yanakwenda kwenye karo, madaftari na viatu, na barua ya kitenge wakati huo inamwumiza mzazi. Desemba nayo ina mvua: njia za Annexe na Ruashi zinajaa matope na zawadi inachukua siku mbili zaidi kufika, kwa hiyo uahidi tarehe ya mbali kidogo.

Kanuni ziandikwe kabla ya picha, na ziwe kwa Kiswahili na Kifaransa. Zisizidi ukurasa mmoja. Zitaje nani anaruhusiwa na nani haruhusiwi (wafanyakazi wa duka na ndugu zangu wa nyumba moja hawaingii, hata wakinuna), zawadi ni nini hasa, rangi na kipimo, mshindi atachaguliwa vipi, atapewa siku ngapi za kujibu kabla hatujachagua mwingine, na nani analipa usafiri. Mteja wa Likasi, kilomita kama 120 kutoka hapa, si sawa na wa Kolwezi, ambaye yuko karibu kilomita 300, na bei ya kutuma kifurushi kwa basi inabadilika. Uliza bei hiyo leo, uiandike kwenye bajeti, usiibebeshe furaha ya mtu. Andika pia saa ya mwisho kwa kutaja “saa ya Lubumbashi”. Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja, na mteja wangu wa huko aliwahi kujaza fomu saa 23:30 yake akiamini yuko ndani ya muda, wakati kwetu siku ilikuwa imeshageuka. Tulimkubali, kwa kuwa kosa lilikuwa la kanuni yangu.

Usimdai mtu anunue ili aingie, wala usiuze tiketi. Zawadi, bahati na malipo vikikutana, sheria za nchi nyingi zinauita mchezo huo bahati nasibu, na huo una masharti yake na vibali vyake. Ukitaka kufanya tombola ya tiketi, nenda ofisi ya komini, yaani ya serikali ya mtaa, ukaulize kabla ya kuchapa hata moja. Na kama tangazo lako liko Facebook, kumbuka kwamba kanuni zao hazikuruhusu kumshurutisha mtu alisambaze kwenye ukurasa wake binafsi au awataje rafiki zake ndipo aingie.

Kuhusu ruhusa, tangu 13 Machi 2023 nchi yetu, Kongo, ina Code du numérique, sheria ya mambo ya kidijitali, nayo inagusa data za watu binafsi. Ulaya, waliko wateja wengi wa mbali, RGPD, sheria yao ya kulinda data za watu (kwa Kiingereza GDPR), inafanya kazi tangu 25 Mei 2018. Mimi si mwanasheria, lakini ninavyofanya ni rahisi. Kwenye fomu kuna kisanduku kimoja, kitupu, chenye maneno haya: “Nakubali kupokea barua za duka hili, mara mbili kwa mwezi.” Mteja anakiweka alama mwenyewe. Anayetaka kushiriki bila kupokea barua anaruhusiwa. Tunatunza tarehe aliyokubali. Na hatumpi mtu orodha hiyo, hata shemeji aliyefungua duka la viatu.

Upande wa mitambo, pesa ya kwanza iende kwenye domeini, yaani anwani ya mtandao, ya jina la duka. Barua za wengi zikitumwa kwa anwani ya kawaida ya Gmail, nyingi zitaishia kwenye taka. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanataka mtumaji athibitishe kwamba barua ni yake kweli kwa rekodi inayoitwa SPF au DKIM, na wale wanaotuma barua nyingi (kwa Google, kuanzia 5,000 kwa siku) waweke zote mbili, waongeze na ya tatu, DMARC, na kiungo cha kujiondoa kwa kubonyeza mara moja. Wanataka pia malalamiko ya taka yasifike asilimia 0.3, yaani watu 3 katika 1,000. Duka langu haliko karibu na barua 5,000, lakini nilimwomba kijana wa kompyuta aweke yote, na kazi haikumchukua hata asubuhi nzima. Picha ziwe nyepesi, maana mteja anafungua kwa mega alizozinunua kwa pesa yake, na barua inayokula mega haifunguliwi mara ya pili.

Sasa matapeli. Naomba usome hapa polepole. Tangazo lako likienea, mtu anaweza kuchukua jina la duka, picha yako, hata namna yako ya kusalimia, akaanza kuwaandikia washiriki: “Hongera, umeshinda, tuma dola 5 za usafiri kwa namba hii.” Ilinikuta mwaka wa pili. Mshiriki mmoja wa Kampemba alinipigia simu kwa furaha akisema ameshatuma pesa, anangoja kitenge chake tu. Sikuwa na jambo la kumwambia isipokuwa pole, na nikamrudishia pesa yake kutoka mfukoni mwangu, kwa sababu aliliamini jina la duka letu. Tangu siku hiyo kila fomu, kila picha na kila barua ina sentensi moja juu kabisa: hatutaomba pesa kwa mshindi, si kwa M-Pesa, si kwa Airtel Money, si kwa Orange Money. Namba moja tu ndiyo inayompigia mshindi, na imebandikwa ukutani dukani. Jina la mshindi tunalitoa hadharani nusu tu, na kwa ruhusa yake, ili mwenye tamaa asimfuate nyumbani.

Kuchagua mshindi kufanyike mbele ya macho ya watu. Sisi tunawapa washiriki namba, tunakata vikaratasi, tunaviweka kwenye sufuria, na mtoto wa mteja aliyeko dukani wakati huo ndiye anayechomoa, huku simu inarekodi. Programu ya kompyuta ingefanya kwa sekunde moja. Lakini watu wa hapa wanataka kuona mkono, na mimi nawaelewa. Fanyeni mchana, simu mbili zikiwa na chaji kamili, umeme usije ukawakatia katikati.

Kabla ya kuanza mwaka, andika pia utakavyopima. Tuseme mmoja wa nyakati zile tano umekugharimu dola 90 kwa zawadi, fundi na usafiri, wakaingia watu 300. Utafurahi kuona kila jina limekugharimu senti 30. Ngoja. Waliothibitisha ni 180, na baada ya miezi miwili waliobonyeza kitu au kujibu ni 110. Gharama ya kweli ni karibu senti 82 kwa mtu. Nahesabu kubonyeza na kujibu, si kufungua, kwa kuwa tangu Septemba 2021 programu ya barua kwenye simu za Apple inaweza kuonyesha barua imefunguliwa hata kama mwenyewe hajaigusa. Asiyejibu miezi sita tunamwandikia mara moja kumwuliza kama anataka kubaki. Akinyamaza, tunamtoa.

Barua ya mwisho kuandaa ni ile wanayoisahau wengi: ya wasioshinda. Katika watu 300, hao ni 299, na ndio duka lako la kesho. Iwe imeandikwa kabla sufuria haijatikiswa, na iende jioni ileile. Yangu ya 31 Julai ilikuwa fupi: “Mama, Papa, safari hii karatasi yako haikutoka. Aliyeshinda ni mwalimu wa Katuba, na vipimo vyake tumeshavichukua. Ukija na mzazi wako kabla ya 15 Agosti, fundi atakata dola 3 kwenye kazi ya nguo yake. Usipokuja, bado tunakushukuru.” Fundi alikuwa ameshakubali bei hiyo wiki mbili kabla, kwa maandishi, na nilimwekea msaidizi wa kushona mpaka tarehe 20.