Gari lenye mkopo Marekani: kabla halijachukuliwa, na lini unaweza kulitoa sadaka

Swali hili huulizwa sana na wenzetu walioko Marekani, hasa mwaka unapoelekea mwisho: "Marejesho ya gari yamenishinda, je, naweza kulitoa kwa shirika la hisani kabla hawajaja kulichukua?" Hapana, mpaka deni liishe. Jina la mkopeshaji likiwa bado kwenye hati ya gari (ile inayofanya kazi ya kadi ya gari Tanzania au logibuku Kenya), gari hilo ni dhamana yake. Hata likifika mikononi mwa shirika, anaweza kulifuata huko huko, nawe deni unabaki nalo. Ndiyo maana tunaanza na deni, sadaka baadaye.

Hatua ya 1: Pata hesabu kamili

Mpigie mkopeshaji uulize mambo mawili: malimbikizo ni kiasi gani pamoja na faini, na kinachohitajika kumaliza deni lote. Hicho cha pili hakilingani na salio la taarifa ya mwezi, kwa sababu riba huongezeka kila siku. Omba barua inayokitaja na inayosema ni halali hadi tarehe gani. Mara nyingi ni siku 10. Kisha tazama bei ya gari lako kwenye Kelley Blue Book (mwongozo wa bei za magari), ile ya kumuuzia mtu binafsi, ukichagua hali halisi ya gari.

Gari likiwa na thamani ya dola 9,000 na deni 6,500, liuze mwenyewe, lipa, na chenji ni yako. Deni likiwa 12,000, kuna pengo la 3,000, na mkopeshaji akilichukua na kulipiga mnada pengo hilo litapanuka zaidi.

Hatua ya 2: Zungumza mapema, kwa maandishi

Katika majimbo mengi mkopeshaji halazimiki kwenda mahakamani wala kukupa taarifa kabla ya kulichukua gari. Kwa mikataba mingi, rejesho moja lililochelewa linatosha. Omba rejesho moja au mawili yasogezwe mwisho wa mkopo, au muda urefushwe ili rejesho lipungue. Ukikubaliwa kwa simu, usikate kabla ya kuomba barua pepe yenye masharti hayo. Hapa ndipo wengi wanapoumia: mtu analipa nusu rejesho akiamini wameelewana, pesa inapokelewa, na usiku ule ule gari linavutwa.

Wakati huo huo ondoa garini pasipoti, kadi ya ukaazi, kiti cha mtoto na vifaa vya kazi.

Hatua ya 3: Wakija kulichukua

Kifungu cha 9 cha Uniform Commercial Code (sheria ya biashara ya majimbo), kinachotumika katika majimbo yote, kinamruhusu mkopeshaji kuchukua gari bila amri ya mahakama mradi asivunje amani. Barabarani, maegesho ya kazini, na mara nyingi hata mbele ya nyumba yako, wanaruhusiwa. Kutumia nguvu, kutishia au kuvunja gereji iliyofungwa hawaruhusiwi. Ukiwapo, sema wazi kwamba hukubali. Mahakama za majimbo mengi huona kuendelea baada ya hapo ni kuvunja amani. Sema tu, usimguse mtu wala kusimama mbele ya gari la kuvuta. Andika saa, na piga picha. Wala usilifiche gari kwa ndugu jimbo jingine: baadhi ya majimbo huhesabu hilo kuwa jinai.

Hatua ya 4: Likishachukuliwa

Vitu vyako vilivyomo si sehemu ya dhamana. Viombe siku hiyo hiyo kwa maandishi, ukiviorodhesha.

Kabla ya kuuza, mkopeshaji lazima akutumie taarifa ya maandishi. Hadi gari liuzwe una haki ya kulikomboa kwa kulipa deni lote pamoja na gharama. Baadhi ya majimbo yanakuruhusu kulipa malimbikizo na gharama tu, kisha mkopo ukaendelea.

Baada ya mnada hesabu huwa hivi: deni 10,000, ongeza gharama za kuvuta, kuhifadhi na kuuza, tuseme 800, toa bei ya mnada 6,000. Unadaiwa 4,800. Dai maelezo ya maandishi ya hesabu hiyo. Kama hukutumiwa taarifa, au uuzaji haukufanywa kwa njia ya haki ya kibiashara, hiyo ni hoja ya kujitetea mahakamani. Lakini lazima uiseme: ukipuuza samansi, hukumu hutolewa bila wewe, na mshahara unaweza kuanza kukatwa.

Hatua ya 5: Deni limeisha, sasa sadaka

Ukimaliza kulipa, hakikisha mkopeshaji ameachia dhamana yake na hati imetoka safi kwa jina lako. Lithibitishe shirika kwenye Tax Exempt Organization Search, huduma ya bure ya IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani). Waulize gari litatumika, litapewa mhitaji, au litauzwa mnadani. Na kama kuna kampuni ya kati, inabaki na kiasi gani. Kuvutwa kwa gari kwa kawaida ni bure.

Kwenye hati andika jina la shirika, tarehe na usomaji wa odomita. Kamwe usisaini ukaacha nafasi ya mpokeaji wazi. La sivyo gari litazunguka likiwa bado kwa jina lako, na faini za maegesho zitakuja kwako. Halafu iarifu mamlaka ya magari: California ndani ya siku 5, Texas ndani ya siku 30. Namba za gari hutegemea jimbo. California namba hubaki na gari. New York unazirudisha kwanza ndipo unafuta bima. Ukigeuza mpangilio huo, usajili na hata leseni vinaweza kusimamishwa.

Hatua ya 6: Kodi

Nafuu ipo tu kwa anayeorodhesha makato yake (kiasi kinachotolewa kwenye kipato kabla ya kodi kukokotolewa) kwenye Schedule A, fomu ya makato. Shirika likiuza gari kwa zaidi ya dola 500, unakata kile lilichouzwa, si bei ya kitabuni. Unaambatisha Fomu 1098-C (unayopewa na shirika) na kujaza Fomu 8283 (ya sadaka zisizo pesa taslimu). Likiuzwa 500 au chini, unakata thamani yake ya soko au 500, iliyo ndogo. Thamani kamili ya soko inakubalika shirika likilitumia kwa dhati katika kazi zake, likilikarabati kwa kiasi kikubwa, au likimpa mhitaji.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, gari langu limekufa injini na bado nadaiwa 2,000. Shirika limekataa.*

Ndugu, tatizo lao si injini. Mashirika mengi hupokea gari lisilotembea. Kinachowazuia ni deni. Mwombe mkopeshaji akubali kiasi pungufu kwa mkupuo. Usilipe kabla hujapata barua inayosema ataachia dhamana. Akisamehe dola 600 au zaidi, huenda ukatumiwa Fomu 1099-C (ya deni lililosamehewa), na kilichosamehewa kikahesabiwa kipato.

*Niliambiwa gari ni la 4,000, fomu inasema 750. Niandike ipi?*

Dada, 750, iliyo kisanduku 4c cha Fomu 1098-C. Kwa aliye ngazi ya kodi ya asilimia 22, hiyo ni nafuu isiyozidi dola 165. Ukiona ni kidogo, safari nyingine uza mwenyewe kisha utoe pesa.

*Hati ina jina langu na la mume wangu, naye amerudi Tanga. Nasaini peke yangu?*

Angalia kilichoandikwa kati ya majina. Ikiwa ni "AND", wote wawili mnasaini. Ikiwa ni "OR", katika majimbo mengi mmoja anatosha. Kwa "AND", tumia fomu ya uwakilishi ya jimbo lako (mumeo anaisaini kukuruhusu umsainie). Ikihitaji kuthibitishwa kinotari, ubalozi wa Marekani Dar es Salaam hutoa huduma hiyo kwa miadi.

*Nimemdhamini shemeji mkopo wa gari, naye kaacha kulipa. Akilirudisha mwenyewe nitapona?*

La, kaka. Kurudisha kwa hiari kunapunguza gharama za kuvuta tu. Pengo la mnada mnadaiwa wote wawili, na rekodi ya mkopo inaweza kubaki na doa kwa miaka 7. Wewe pia una haki ya kutumiwa taarifa ya mauzo. Mpe mkopeshaji anwani yako ya sasa leo.