Jinsi ya kufanya gemu la maandishi lielewe "chupa ya maji" yote, siyo "chupa" tu

Juzi nilikaa na kijana mmoja hapa Dodoma anayetengeneza MUD ya Kiswahili, gemu la maandishi la wachezaji wengi, ndani kuna soko la Majengo na mashamba ya zabibu. Shida yake: mchezaji anataipu "kunywa maji" gemu linamnywesha majivu. Tulifanya hivi, kodi (maelekezo ya programu) ni ya lugha ya Python.

1. Kila kitu kipe orodha ya majina: chupa, maji, plastiki. Wingi (visu, vikapu) ongeza kwa mkono, usiandike kodi ya kukata viambishi.

2. Kata amri kwenye "kwenye" kwanza (weka zabibu kwenye kikapu), halafu herufi zote ndogo, halafu toa ya, la, cha, wa, za.

3. Kulinganisha. Hapa tulikesha. Sheria ni kwamba kila neno alilotaipu liwepo kwenye majina, mpangilio wowote:

all(m in majina for m in maneno)

ROM, kodi ya zamani ya kuendesha MUD, inafanya hivyo hivyo, ila one_argument yake, sehemu inayosoma amri, inachukua neno moja tu, ukitaka mawili uyafunge kwenye nukuu, 'long sword', na mimi nukuu sizitaki kabisa, watu wetu wanacheza kwenye simu. Angalia pia orodha tupu: mtu akitaipu "chukua ya", ya inatolewa, all inarudisha True (ndiyo) kwa kuwa hakuna neno lililobaki la kukosa, anaokota kitu cha kwanza chumbani. Zuia hiyo mapema.

Sasa vifupisho. Kwenye DikuMUD, MUD ya zamani, na ndugu zake wachezaji wamezoea kufupisha, yaani kutaipu mwanzo tu wa neno, ila Kiswahili kina ngeli, "ki" ni kisu, kikapu, kiti, kibuyu, vyote! Mimi naruhusu kifupisho kuanzia herufi 4. Hata hivyo "maji" ina herufi 4 na ndiyo mwanzo wa "majivu", kwa hiyo pita mara mbili, kwanza neno kamili, ukikosa kabisa ndiyo vifupisho. Kijana alishafanya hivyo na bado majivu yananywewa, tukahangaika mpaka saa nane usiku, kumbe alikuwa anamaliza mizunguko yote miwili kwenye mzigo wa mchezaji ndipo aende chumbani, na ndoo ya majivu iko mkononi, chupa iko chini. Unganisha mzigo na chumba kuwa orodha moja, mzunguko wa kwanza umalize orodha yote, ndipo uanze wa pili.

4. "Mpe mzee wa kisima chupa ya maji" haina kitenganishi. Jaribu maneno yote manne kama mtu, ukikosa punguza moja kutoka mwisho, matatu, mawili, mpaka apatikane, yanayobaki ndiyo kitu. Anza na mengi, maana ukianza na "mzee" peke yake utampa mzee wa soko.

5. Vitu vikifanana, mchezaji ataipu 2.chupa, yaani chupa ya pili.

Jaribio: shika ndoo ya majivu, weka chupa ya maji chini, taipu "kunywa maji". Ukinywa maji, siyo majivu, umefaulu.